Mwenye Gari Yuko Wapi?

Tanzania hatuulizi gari lina miaka mingapi. Tunatazama kibao cha namba. Herufi zinazofuata tarakimu zikianza na E, mwenye gari anasalimiwa kutoka mbali. Zikianza na D, anasalimiwa akishafika. Zikianza na C, anaulizwa kama anauza. Mimi nina namba A, na mwenye namba A hupewa pole, tena na watu wanaokwenda kwa miguu.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet ya mwaka 1994, milango mitano, injini ya 4E ya cc 1,331. Toyota waliacha kuunda Starlet mwaka 1999 wakaleta Vitz, kwa hiyo kila spea ninayoitafuta ni ya marehemu ambaye mirathi yake imeshagawanywa. Nililinunua Sumbawanga kwa mwalimu aliyepata uhamisho, shilingi milioni moja na laki sita, naye kwa uungwana wa mtu anayeondoka akanieleza kwamba lina "vitu vidogo vidogo". Sikushtuka. Nimekulia Kirando, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kule hata boti linalovuja huuzwa likiwa na vitu vidogo vidogo.

Msiniulize kwa nini sikuagiza Japani kama watu wengine. Gari dogo likishazidi miaka kumi, juu ya kodi nyingine zote linabandikwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na mimi ni mwanafunzi wa uhasibu Mbeya, naishi kwa bumu. Bumu ni shilingi 10,000 kwa siku, za chakula na malazi. Ukiacha kula na ukiacha kulala, Starlet mbovu inapatikana kwa siku 160. Mimi sikuacha kula, niliuza dagaa. Mama alikuwa akiwapakia kwenye basi kutoka nyumbani, nami nikiwapima kwa kikombe hosteli baada ya hosteli. Ndiyo maana hata kabla sijakabidhiwa funguo, Mama alishaanza kusema "gari letu". Nilidhani ni upendo. Zilikuwa hisa.

Wenzangu chuoni walinishangaa kwa sababu nyingine. "Wewe mtu wa Sumbawanga unahangaika na Starlet ya nini, na ungo upo?" Utani huu wa uchawi tumezaliwa nao sisi watu wa Rukwa, na tunakufa nao. Niliwajibu kwamba ungo haubebi magunia.

Gereji ya kwanza ilikuwa Sumbawanga mjini, chini ya mkaratusi, mwezi wa sita. Anayeijua Sumbawanga ya mwezi wa sita haniulizi zaidi: mji umekaa kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mtu akisalimia salamu yake unaiona inatoka mdomoni ikifuka. Gari lilikuwa limechemsha, nikamkodi kijana wa bodaboda aniletee dumu la maji, tukafika gereji pamoja. Fundi alikuwa amevaa sweta juu ya sweta na kofia ya sufu. Akafungua boneti, akatazama ndani, akatazama nyuma ya bega langu.

"Mwenye gari yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Sawa, dada. Kaka, hebu njoo uone."

Bodaboda akasogea kuona.

"Tatizo ni themostati," fundi akamweleza bodaboda. "Hiki ni kifaa cha nchi za baridi. Kwa joto letu hili la Afrika, sisi tunakitoa." Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akivipulizia viganja vyake pumzi ya moto.

"Kitoe tu," bodaboda akasema.

"Kisitolewe," nikasema mimi.

"Anasemaje?" fundi akamwuliza bodaboda.

Nisimwonee fundi yule peke yake. Themostati zilizotupwa chini ya miti ya gereji za nchi hii zikikusanywa zingejaza behewa. Ni kivalvu kidogo tu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwenye nyuzi 82 hivi, kisha kinafungua njia. Ukikitoa, Dar es Salaam pengine hutaona tofauti. Ukikitoa juu ya uwanda wa Ufipa, injini inakwenda safari nzima ikiamini bado ni alfajiri, na inakunywa petroli kwa imani hiyo.

Basi wakakubaliana, wale wawili. Themostati itolewe, rejeta ibadilishwe, hedi ikapigwe skimu, gasketi iwe mpya. Laki nne na nusu. Bodaboda akasema hapana, hiyo ni kubwa, hali ngumu; akapigana mpaka ikafika laki nne kamili. Alinitetea kwa moyo wote, sitamsahau. Kisha kwa mara ya kwanza akanigeukia, akaniambia nimlipe elfu mbili zake za dumu la maji. Laki nne sikuwa nazo, na hiyo ndiyo sababu pekee hedi yangu haijawahi kupigwa skimu hadi leo.

Nikaondoka na ugonjwa wangu kuelekea nyumbani. Kutoka Sumbawanga kupitia Chala mpaka Namanyere ni lami, na lami haimfichui mtu. Namanyere unaacha lami, unaingia vumbi, na unaanza kuliteremkia ziwa. Ziwa Tanganyika limelala mita 773 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kati ya baridi ya Sumbawanga na joto la Kirando kuna kilomita nzima ya kwenda chini. Kuteremka, gari lolote linajua. Hata lisilo na injini linajua. Nilikuja nalo kwa gia namba mbili, miguu yote miwili ikitetemeka, nikiomba breki zisiwe miongoni mwa vile vitu vidogo vidogo.

Kirando walilipokea vizuri. Mjomba aliingia kiti cha mbele kabla sijazima injini, akafunga mkanda, akauliza tunakwenda wapi.

Hatukwenda mbali, kwa sababu ya petroli. Pale ufukweni petroli ina mteja wa aina moja, naye ni mvuvi. Injini za boti wanazotumia wengi ni zile za kuchanganyia oili ndani ya mafuta, na muuzaji mwenye kujali wateja wake huwa ameshawachanganyia. Mimi nilisema lita tano, nikapewa lita tano. Hakuniuliza za nini, maana nani atakuja ufukweni na kidumu kwa ajili ya kitu kisichoelea? Tulipopanda barabara kuu ya Kirando tuliacha nyuma yetu wingu la buluu, refu, lililokaa chini bila kuondoka, na Mjomba akawa anawapungia mkono watu ambao hawakuwa wakituona.

Wingu hilo ndilo lililoniletea fundi. Mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti alitoka kibandani kwake akiwa na spana mkononi, akaifuata harufu mpaka kwetu. Alisimama, akavuta hewa.

"Yamaha inafanya nini barabarani?"

"Shikamoo mzee. Ni Starlet."

"Marahaba. Inanukia Yamaha."

Mzee huyu hajawahi kusomea magari. Ujuzi wake wote ni mashine za kufunga nyuma ya boti, na alilisogelea gari kwa adabu ya mtu anayemsalimia mkwe wa jirani. Alizunguka mara moja. Akauliza linapozwa na maji ya wapi. Nikamwonyesha rejeta. Akauliza lita ngapi. Nikasema kama tano. Akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Mashine zangu zinapozwa na ziwa, mwanangu."

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na Baikal pekee. Ukiwa na rejeta ya kiasi hicho una haki ya kucheka. Lakini Mzee hakuishia kwenye kicheko. Alisema hata wakiwa juu ya maji yote hayo, mashine zinachemsha, na zikichemsha yeye haulizi habari za maji, anauliza habari za tundu na mpira: tundu limeziba wapi, mpira umechoka wapi. Akasubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akapitisha ukucha. Mpira wa chini ulikuwa umekatika.

Fizikia yangu ni ya kidato cha nne, lakini ilinitosha pale. Maji hayachemki kwenye nyuzi 100 kila mahali. Kadiri unavyopanda juu hewa inapungua uzito, na kwa urefu wa Sumbawanga maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kazi yake ni kuyabana. Juu yake huandikwa 0.9 au 1.1, nacho kikiwa kizima maji yanavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira ukikatika, rejeta inakuwa sufuria isiyofunikwa, unapanda nayo mlima, na kila mita unayopanda maji yanatafuta sababu ya kuchemka mapema zaidi. Gari halikuwa na ugonjwa wa hedi. Lilikuwa na ugonjwa wa kifuniko. Kipya kilikuja na basi, mkononi mwa kondakta, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Shilingi elfu nane.

Tangu siku hiyo Mzee akalipenda gari. Kulipenda kwake ni kulisema. Alipoona unga mweupe kwenye vichwa vya betri aliniuliza kama naijua Liemba. Kirando nani asiyeijua Liemba? Meli imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kuja kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani, vita vikiwaelemea, waliizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikipita na hapa kwetu Kirando kushusha watu na unga.

"Sasa sikiliza," Mzee akasema. "Mjerumani vita imemshinda. Anaizamisha meli yake kwa mkono wake. Na bado, kabla ya kuizamisha, anazipaka injini grisi. Zimekaa chini ya maji miaka minane na zimetoka nzima. Huyu mwalimu aliyekuuzia ameshindwa hata kupaka vaselini kwenye vichwa vya betri?"

Nilimtetea mwalimu kidogo. Mzee hakusikia.

Ekzosi ilipodondoka, nilimlalamikia kwamba mchomeleaji hana bomba la kipimo kile na kwamba tusubiri basi la Mbeya. Akanionyesha vilima. Wafipa, kabla ya wakoloni kutuletea majembe ya kiwandani, walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe. Walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zinaitwa malungu, zinazovuta hewa zenyewe bila mivuo, kisha wakakisafisha chuma kwenye katanuru kadogo, na mwisho kikaenda kwa mhunzi kuwa jembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda alikuja kutafiti mambo hayo huku Nkasi, mwambao wa Kirando ukiwamo, akaiandikia tasnifu yake ya mwaka 1995. Mavi ya chuma ya wakati ule bado unayakanyaga ukienda shambani.

"Babu zako walitoa jembe kwenye udongo," Mzee akasema, "wewe unangoja basi likuletee bomba?"

Hilo bomba likapatikana. Nusu ni ya pikipiki, nusu ilikuwa mguu wa kitanda. Sauti yake si ya kawaida lakini haina aibu.

Malipo ndiyo yaliyonishinda, mimi na uhasibu wangu. Nilimuuliza Mzee ni kiasi gani, akasema, "Siku moja utanipeleka Namanyere." Mchomeleaji naye hakutaka fedha: kuna harusi ya dada yake inakuja. Fundi wa pancha, ambaye alinitafutia tairi la mtumba la rimu ya 13 wakati watu wote sasa wanavaa rimu ya 14, alisema tutaongea. Jirani alinipa kioo cha pembeni alichokitoa kwenye Corolla iliyogeuka banda la kuku, kwa makubaliano kwamba msimu wa kilimo ukifika mbolea yake itashuka na Starlet. Nilifungua daftari, upande huu mali, upande huu deni, kama tulivyofundishwa. Lakini chuoni hawakutufundisha kuandika "siku moja utanipeleka Namanyere" inaingia kwa shilingi ngapi, wala inaiva lini, wala kama inarithiwa. Mzee alikwenda Namanyere. Aliporudi akasema ile ilikuwa ya kifuniko. Ya betri bado.

Nikajikuta nalipa petroli ya gari ambalo ratiba yake inapangwa na kikao nisichoalikwa. Mtu akiniona mjini bila gari ananiuliza, "Gari mmelipeleka wapi?" Mmelipeleka.

Harusi ya dada wa mchomeleaji ilifika. Starlet ikaoshwa, ikafungwa riboni, viti vikapuliziwa manukato ambayo yalikwenda kukaa jirani na harufu ya migebuka bila kuiondoa. Bibi harusi aliingia. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki kwa ndani, kwa hiyo aliingia akijua kwamba kutoka kutategemea watu wema. Tukaanza msafara kutoka kanisani, nikapiga honi mara moja ya furaha, na honi ikagoma kuachia. Ikalia barabara nzima ya Kirando. Watu waliruka, wakapiga vigelegele, watoto wakakimbia pembeni, matarumbeta yakajaribu kutufikia yakashindwa. Hadi leo inasemwa kwamba haijawahi kupita harusi yenye dereva mwenye furaha namna ile. Tulipofika nyumbani kwa bwana harusi ikanyamaza yenyewe, nami nikaitafsiri kuwa imepona.

Juma lililofuata tulikuwa na msiba. Nilibeba wazee wanne wasioweza kutembea mpaka makaburini, polepole, nyuma ya umati. Mbuzi akakatiza. Sikupiga honi, naapa. Niligeuza usukani tu. Ikaanza. Mbele yangu waombolezaji wakageuka wote. Mzee mmoja kiti cha nyuma, aliyekuwa harusini, akaanza kupiga makofi, kisha akakumbuka. Nikafungua boneti mbele ya jeneza, Mzee wa mashine akatoka kwenye umati na suti yake ya msiba, akaingiza mkono kwenye kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja. Kimya. Padri akaendelea.

Ile fyuzi tuliiacha mfukoni mwa suti ya Mzee, na suti ikarudi sandukuni kusubiri msiba mwingine. Hakuna aliyejua kwamba kwenye gari letu fyuzi ya honi ndiyo hiyo hiyo ya taa za hazadi. Aliyegundua ni askari wa usalama barabarani, kwenye lami. Leseni nilikuwa nayo. Bima nilikuwa nayo, ile ndogo ya shilingi 118,000, ambayo kwa gari langu ni karibu bei ya milango miwili. Akasema niwashe hazadi. Nikawasha. Akazunguka mbele, akazunguka nyuma.

"Washa, dada."

"Nimewasha, Afande."

"Basi piga honi."

"Afande, honi iko msibani."

Alinitazama kwa muda, akaandika. Shilingi 30,000, na namba ya malipo ikaingia kwenye simu kabla sijapata nafasi ya kueleza. Nilimwomba Mama tuichange kwa mujibu wa hisa. Akasema yeye alinunua hisa za gari, hisa za honi hakununua.

Muhula ulipofunguliwa nilirudi Mbeya kwa basi. Kwa gari langu safari ile ingekula bumu la siku nyingi kwa petroli peke yake, kama si kwa faini. Nikaliacha Kirando, uani kwa Mama, kwenye kivuli. Nilimwachia Mzee kazi ya kuliwasha mara moja kwa juma, na nilipaka vaselini kwenye vichwa vya betri mbele yake ili asije akanitolea mfano wa Liemba kwa watu. Mjomba nilimwachia funguo ya mlango wa mbele tu, aingie akae akitaka, maana alishazoea.

Majuzi nilimpigia Mama simu, na baada ya salamu za watu wote nikauliza habari za gari.

"Gari letu zima kabisa, mwanangu. Linafanya kazi vizuri sana mwezi huu."

"Kwa hiyo Mzee ameliwasha?"

"Kuwasha ya nini? Nimeweka dagaa magunia sita humo, milango imefungwa, vioo vimepandishwa. Panya hata mmoja hajaingia."